Kindege cha Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Novemba

Nimegawa dawa za kikohozi dirishani hadi saa nne, kisha nikafunga chumba cha dawa cha zahanati na kwenda kiwanjani. Siku ya nne ya mafunzo. Tulianza watano. Wawili walizidi uzito. Mmoja alitapika akakimbia. Tumebaki mimi na Deka.

Shirika la misaada linalotufundisha litamwachia mmoja wetu kindege, awe anapeleka dawa ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu, mafuriko yakikata barabara. Mmoja tu. Kindege chenyewe ni kiti, betri na pangaboi nane. Hakina hata mlango. Ukiachia kijiti cha kuendeshea kinatulia hewani chenyewe, ndiyo maana wanasema mtu yeyote anaweza kujifunza.

Leo nimepaa mita tatu nikashuka salama. Deka nusura agonge uzio. Nilifurahi.

Jumanne, 4 Novemba

Deka amekuja kuchukua vidonge vyake vya kifafa. Mimi humfungia kwenye gazeti kila mwezi, asijue mtu. Mwaka mzima hajaanguka. Wakwe zake watarajiwa hawajui, na harusi ni mvua zikiisha.

Kwenye fomu ya shirika kuna swali la kifafa. Amejaza hapana. Nilikuwa nimekaa karibu yake siku ile, nikaona. Leo amenishika mkono dirishani. "Abaayo, dada yangu, wewe unanijua. Niache niruke kidogo tu."

Nikamsukumia vidonge vyake. Anaruka vibaya, ataondolewa bila mimi kusema. Akianguka je? Sikutaka kulifikiria hilo, sikulifikiria.

Alhamisi, 6 Novemba

Deka kabadilika. Amezunguka kiwanja mara tatu, akatua juu ya alama kama kunguru juu ya ukuta. Sijui amejifunzia wapi. Nadhani haogopi tena.

Mimi nimeyumba. Kapteni Mutua, mwalimu wetu kutoka Nairobi, hana ulimi wa huruma. Ameniambia mbele ya watu wote waliojaa uzioni: "Habiba, unaendesha kama umebeba mtungi kichwani. Ungebaki na vidonge vyako."

Watu wakacheka. Deka naye. Kidogo tu, ameziba mdomo kwa mtandio. Nilimwona.

Ijumaa, 7 Novemba

Mji mzima wa Eldas unasema ni Deka. Wivu unaniwasha kama upupu. Sijala.

Jumamosi, 8 Novemba

Kapteni alitusimamisha mbele ya chifu, wazee na akina mama. Mama mkwe mtarajiwa wa Deka alikuja na sinia la halwa. Kapteni akamtaja Deka. Vigelegele.

Ningeweza kumvuta Kapteni pembeni. Ningeweza kumwambia Deka ajitoe mwenyewe. Nilikuwa na siku zote hizi. Niliinua mkono nikasema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisomali asibaki mtu ambaye hakuelewa: "Deka ana kifafa. Mimi ndiye ninayempa dawa."

Kapteni akamuuliza kama ni kweli. Hakukana. Akavua kofia ngumu polepole, akaiweka kitini, akatembea kuelekea kwao. Peke yake. Watu walimpisha njia pana, kana kwamba kifafa kinarukia mtu. Mama mkwe akainuka na sinia lake, halijafunuliwa.

Kapteni akanipa ile kofia. Ilikuwa bado na joto la kichwa cha Deka. Nikaivaa.

Jumanne, 11 Novemba

Uchumba umevunjika. Dada yake Deka anasema ametupa vidonge vyote chooni. Hataki kuviona, maana vinatoka mkononi mwangu.

Mkuu wa zahanati aliniita ofisini. Siri ya mgonjwa, akasema, ukiitoa umemvua nguo. Akanipa barua ya onyo. Angenifukuza, ila shirika lilikuwa limeshapiga simu kumwambia wananihitaji. Nikatia sahihi.

Mchana nimevuka laga kwa mara ya kwanza. Kondoo kule chini kama mchele uliomwagika. Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Ni kuzuri huko juu. Ni kuzuri mno.

Alhamisi, 13 Novemba

Deka ameanguka jikoni. Mkono ulikuwa kwenye makaa, na hakuna aliyekuwepo kumtoa. Wamemleta kwa mkokoteni wa punda. Ngozi imebanduka hadi kwenye kiwiko.

Niliwatolea bandeji na dawa ya kupaka. Mikono yangu haikutetemeka. Hilo ndilo limenitisha. Kisha nikaenda kuchaji betri.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepeleka dawa za kuhara ng'ambo ya laga. Dakika tisa kwenda, kumi kurudi, upepo ulikuwa wa mbele.

Alasiri nikaenda kwao Deka. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mama yake, Khadija, ambaye mimi humwita habo, yaani mama mdogo, alinikumbatia mlangoni. Akanikalisha mkekani, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia.

"Binti yangu, wewe ndiye uliyemwokoa," akasema. "Kifafa kingempata huko juu, leo tungekuwa tumeshamzika. Mungu akulipe kheri."

Deka alikuwa amelala kando yetu, uso umeelekea ukutani, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Hakuwa usingizini. Nilijua kwa pumzi zake. Hakugeuka.

Ningeweza kumwambia mama yake kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Kwamba kila siku nilimtazama mwanawe akipaa, nikanyamaza, mpaka alipochaguliwa yeye.

"Amin, habo," nikasema.

Nikanywa chai yote. Akaniongezea kikombe cha pili, nikakinywa nacho.