Nusu ya Kidonge Changu

Jumatatu, 3 Machi
Saratani ya Chiriku imerudi. Miaka sita tu, mjukuu wangu! Dripu haziifanyi kitu tena. Daktari kasema kuna jaribio — watoto wanapewa kidonge cha watu wa sukari, eti huenda kikainyima saratani chakula. Akakitoa tukione. Jamani! Si ndicho nimezacho mimi mwaka wa kumi na moja huu! Mwanangu, mama yake Chiriku, kacheka. Eti mama, kumbe dawa umeikalia kwenye pochi.

Alhamisi, 6 Machi
Kaanza. Kimoja kila asubuhi, mpaji ni mimi, mama yake anawahi kazini. Chiriku anataka tumeze pamoja, tuone nani wa kwanza. Kanishinda, kanicheka, domo hilo!
Lakini kimoja tu? Mimi na miguu yangu mibovu nameza viwili. Gonjwa kali namna hii kimoja kitalifanya nini?

Jumapili, 9 Machi
Nimefanya. Nusu ya changu, nimeiponda, kwenye maziwa. Kanywa yote. Simwambii mtu.

Jumatano, 12 Machi
Kaomba mkate wa pili! Leo nimempa kizima.

Jumapili, 16 Machi
Anatapika tangu asubuhi. Anahema mbio mbio. Tuko wodini. Nesi kasema damu imejaa asidi. Ee Mungu wangu, nimefanya nini!

Jumatatu, 17 Machi
Kaamka, lakini hasemi. Chiriku hasemi!
Daktari katuita. Kidonge kimemkataa, anatolewa kwenye jaribio. Baada ya hapo? Hakuna kingine. Kasema huku anaangalia viatu vyake.
Halafu akauliza kama mtoto kala dawa nyingine yoyote. Nikafungua mdomo. Mwanangu kanidakia — hapana daktari, anayempa ni mama, hata mimi simwamini mtu kama ninavyomwamini yeye.
Nikafunga mdomo. Mwoga mimi! Mwoga!
Kimoja hakikumdhuru, nimemdhuru mimi. Nikisema, huenda wakamrudishia kidonge. Nikisema, mwanangu hatanitazama tena maisha yake yote.
Fomu ya kumtoa iko hapa gotini. Inataka sahihi ya anayempa mtoto dawa. Nesi anasubiri, nimemwomba dakika moja. Mwanangu kasinzia, kichwa begani kwangu. Nesi kauliza tena, mama, tayari? Sijatia sahihi, nimemwambia amwite daktari. Kauliza, nimwambie kuna nini —