Siku za Kufunga, Dada Yangu Anafumua Nywele Zangu

Mama Rosalie mpendwa, mi ni mama wa miaka makumi tano na moja, nashona nguo hapa kambini Dzaleka, Malawi, nakuandikia haraka juu Ijumaa njo bamama ba maombi banataka kuchoma dawa yangu kwa moto na mi sijui kama niitoe ao niifiche.

Damu ya mwezi ilinikatika mwaka jana, kisha moto ukaanza kunipanda toka kifua mpaka kichwa, nikawa nalia juu ya kitu hata sikijui, kitambaa iko kwa mashini mi naangalia tu mpaka jua linageuka. Binti yangu Nadège, anauzisha nguo Lilongwe, mutaa wa Area 25, akanipeleka hospitali ya huko. Nurse akanieleza mengi kwa Kichewa, Nadège alikuwa inje na mutoto wake Douce anayelia, basi mi naitika zikomo, zikomo, asante tu, mpaka akanipa vidonge vya huzuni, kimoja kila asubui.

Wiki ya kwanza tumbo likachafuka, mikono ikatetemeka hata uzi ikakataa kuingia kwa sindano, nikasema itapita. Lakini sasa ni wiki ya ine na kuna kitu, mama. Kinakuja Jumatano na Ijumaa, siku zetu za maombi, tunafunga kavu, hata maji hapana, hata kidonge sigusi juu nikimeza nitakuwa nimevunja mfungo. Saa nane ya mchana nikigeuza macho tu, kuran, ile ya umeme, inapita ndani ya kichwa, zzz, na chumba inachelewa kunifuata. Napiga miayo na usingizi sina. Nikajiangalia kwa kioo, ile nyeusi ya katikati ya jicho imekuwa kubwa, nikauliza, huyu ni nani? Tukiimba, sauti yangu naisikia inatoka nyuma yangu.

Jumatano iliyopita kisha maombi nikajilaza kwa mkeka, mchana mweupe, mlango wazi. Akakuja marehemu dada yangu Annuarite, tulimzika kwetu Fizi, Kongo. Akakaa nyuma yangu, magoti yake nikayasikia huku na huku ya mabega, akaanza kufumua nywele zangu pole pole, anahesabu kama zamani. Nikaamuka. Mama, upande mmoja wa kichwa ulikuwa umefumuliwa! Na zile nyuzi nyeusi nilisukiwa nazo zimepangwa kwa mkeka, moja kando ya ingine, zimenyooka, namna yeye alikuwa anazipanga. Ndani hapakuwa muntu. Ni Douce tu, miaka mbili, mi njo namulea hapa, amesimama kwa kona ananiangalia. Nikamuita. Akakataa kuja.

Nikaeleza mama Esperance, kiongozi wetu wa maombi. Akasema: "Unaona? Kinakuja siku tunaomba. Hicho kidonge njo mlango wake. Leta vyote Ijumaa tuchome." Nadège naye kwa simu: "Mama, ukichoma dawa, nakuja kuchukua mutoto siku hiyo hiyo!" Na mi simubebi tena Douce. Uji namusukumia kwa sahani, naogopa mikono yangu.

Nichome ao nisichome? Na yule alifumua nywele ni nani?

Mama Nadège, Dzaleka

Mama Nadège, pole sana. Sasa keti, maana nitakugombeza. Usichome kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili kidole changu kilisimama pale pale: siku za maombi humezi kidonge. Umeliandika kwa kupita tu, kama mtu anayesema jana kulikuwa na vumbi! Mwili unapewa dawa asubuhi, ukaizoea, halafu mara mbili kwa wiki unaunyima, tena bila chakula, bila maji, na ule moto wa umri wetu juu yake. Kuran ya kichwa, chumba kuchelewa, ndoto nzito: wengi wanaoruka dawa za aina hiyo huyapata. Mama Esperance amehesabu siku vizuri, ila sababu imemponyoka. Tumbo na mtetemeko wa wiki ya kwanza ni dawa ikiingia, na kwa wengi hupungua. Mimi mwenyewe, nilipopewa vidonge kama hivyo, nilipiga miayo kanisani mpaka pasta akafupisha mahubiri.

Na hiyo zikomo, zikomo yako! Zikomo ya nini, mama, na hukuelewa hata neno?

Rudi hospitali kesho, usingoje Ijumaa. Nadège aingie nawe ndani, Douce abaki na jirani. Semeni yote: siku ulizoruka, macho, sauti, dada, na hofu ya mikono. Nurse njo atasema uendelee vipi, ao dawa ibadilishwe. Wewe usiiache ghafla, wala usimeze viwili kufidia ulichoruka. Akikuambia endelea, ni kila siku baada ya uji, Jumatano na Ijumaa pia. Mama Esperance mwambie kwa heshima kwamba kwa sasa utaomba ukiwa umekula. Mungu anamsikia hata aliyekunywa uji. Na fikra ya kujiumiza ao kuumiza mtoto ikikupitia hata mara moja, piga kelele jirani akupeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Sasa nywele. Nani alikufundisha kupanga nyuzi hivyo, moja kando ya ingine? Annuarite. Basi kuna mikono miwili tu hapo Dzaleka inayojua kuzipanga vile, na wewe unashona nguo nayo. Ililala vibaya, ikamkumbuka dada yako. Mtoto haikumgusa. Nadège akusuke tena ule upande, na ukiwa umeshiba, jirani akiwepo, mpakate Douce acheze na zile nyuzi.

Na ukisikia tena vidole nyuma ya kichwa, usikimbie. Tafuta kwanza mikono yako iko wapi. Utaikuta huko juu, imeshika uzi.

Mama Rosalie