Nawaambia Baba Hayupo

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya kufunga.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijakujulia hali, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nikiliacha mpaka mwisho nitaogopa kuliandika. Watu wakija dukani kumwita Baba, nawaambia hayupo. Naye yupo, amekaa stoo nyuma yangu, redio ina sauti kubwa, hasikii akiitwa.

Sasa nikuulize. Miguu imepata nafuu? Mjomba hajambo? Sisi tunapumua. Shule nimemaliza, na kwa kuwa nyumbani tumebaki wawili tu, kaunta nakaa mimi.

Unaikumbuka ile machela Baba anayoiegemeza nyuma ya mlango wa duka. Vichochoro vyetu gari halipiti, kwa hiyo mtu akizidiwa anaitwa Baba. Anafunga duka, anashika upande wa kichwa kwa sababu ndio mzito, na vijana wanafuata amri yake mpaka barabarani. Hajawahi kulipwa wala kuomba. Wanamwita Baba Machela.

Alipoanguka akiwa amembeba fundi mwashi, tulikuambia ni uchovu. Haukuwa uchovu. Daktari alisema moyo wake umepanuka, asinyanyue hata kreti ya soda. Baba akanikonyeza, kama mtoto mtundu mbele ya mwalimu. Dawa za kwanza hazijaisha, akabeba tena, akarudi midomo imekuwa ya kijivu. Muda wote aliolazwa, jirani mmoja tu ndiye aliyekuja wodini, yule mama wa mboga, naye alikuja kuuliza ufunguo wa duka uko wapi, machela inahitajika.

Basi nikaanza kudanganya. Mimi niliyekuwa nikijua jibu darasani na bado nikiinamia dawati kwa aibu, sasa nasema amefuata mzigo, amekwenda benki, bila kupepesa macho. Machela nawapa. Baba siwapi.

Juzi alikuja fundi cherehani, mama mkwe wake kazidiwa. Nikasema Baba kasafiri. Papo hapo Baba akakohoa stoo. Fundi alinitazama, kisha akasema taratibu, "Haya, binti. Huyo msafiri akirudi, mpe pole ya kikohozi." Akaichukua machela. Bibi yule alifika hospitali, lakini walimwangusha kwenye ngazi, mkono ukavunjika. Mkono ule unaniamsha usingizini.

Sasa mtaa mzima unasema Baba ana maringo. Wanavuka barabara kwenda kununua kwenye duka jingine, na wanaomsalimu wanamsalimu kwa nusu mdomo. Yeye hajui kosa lake. Kila asubuhi anafunga kamba za viatu vizuri, anakaa juu ya gunia la sukari, anangoja kuitwa. Jana aliniuliza kama siku hizi watu hawaugui. Nikasema labda. Akacheka kidogo.

"Hapana, mwanangu. Wamenichoka."

Nilijifanya napanga sabuni.

Utasema niwaambie ukweli, kwamba ni mgonjwa. Shangazi, nawajua. Watakuja kumpa pole, watakaa, watatikisa vichwa. Kesho yake mtu akizidiwa watasema leo tu, Baba Machela, mara moja tu, naye atasimama. Hajui kukataa, na wao hawajui kuacha kuomba. Afadhali awe na uchungu nao akiwa hai kuliko wamlilie vizuri.

Msalimie sana Mjomba, na dada yangu mkubwa anayeishi kwenu, na yule kitinda mimba wenu aliyeng'oka meno. Mungu aitie nguvu miguu yako mpaka ikufikishe huku.

Baba atakupigia, najua, alalamike kwamba amesahauliwa. Mwache aseme. Mwulize habari za duka, mcheke pamoja kama mlivyozoea. Ukimaliza kusoma ichane karatasi hii, na nilichokuambia kisitoke kwako, hata kwa Mjomba. Hasa kisimfikie kaka yako.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote.