Mguu Mmoja Nje ya Balkoni

Mpendwa Bi Solveig, mshauri wetu wa gazetini, naomba uniokoe kabla sijapoteza kazi. Mimi ni mtu wa nchi ya Georgia, nimehamia hapa Norrköping majira ya joto yaliyopita, nafanya kazi kiwanda cha madirisha, na sina neno baya juu ya Waswidi, viatu navua mlangoni bila kuambiwa, kahawa nanywa nao kila wanaponiita, na kile kipande cha mwisho cha keki ambacho hakuna anayethubutu kukimaliza, kila mtu anakikata nusu mpaka inabaki chembe, nami nimejifunza kuikata chembe yenyewe nusu.

Shida yangu ni ngazi za jengo ninamoishi. Kwetu ukikutana na jirani mnasalimiana mpaka chai inapoa nyumbani, basi wiki ya kwanza nikamsalimia mama wa mlango unaotazamana na wangu, pameandikwa Ahlgren, nikamuuliza watoto hawajambo, akashika ukuta, akafungua mlango wake na kurudi ndani. Nikamsimulia Stellan, mwenzangu wa kazini, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Wewe bwana utaua watu,” akaniambia. “Ukisikia jirani anatoka, kaa ndani kimya mpaka mlango wa chini ujifunge. Hiyo ndiyo heshima.”

Nikaishika hiyo heshima. Kila asubuhi navaa koti, natega sikio mlangoni, nasikia ng'ambo mtu anavaa viatu, nasubiri atoke, hatoki, kumbe naye amesikia viatu vyangu na ananisubiri mimi, basi tunasimama hivyo, kila mtu na mlango wake, yeye anakohoa kunitisha, na basi la kazini linapita. Nikiamka mapema zaidi, naye kapata wazo lilelile. Juzi nikaona isiwe taabu, nikafunga shuka kwenye balkoni nishuke nayo, maana tupo ghorofa ya kwanza tu, nikapitisha mguu, kutupa macho pembeni namwona Bi Ahlgren naye kapitisha mguu kwenye balkoni yake, mkoba begani. Tukarudisha miguu, kila mmoja akajifanya anakagua maua yake, na vyungu vyenyewe vimejaa theluji.

Bosi wangu Håkan hafoki. Anatazama saa tu na kusema, naona basi lako lilipata shida tena, na kwa Mswidi hayo ni matusi. Sasa amesema nikichelewa tena hata mara moja, mkataba wa kudumu nisahau. Kazi naitaka sana, lakini kumkosea tena yule mama nako siwezi. Nihame?

Ni mimi niliyekwama mlangoni.


Ewe uliyekwama,

Kwanza acha kuniita Bi, hapa hata waziri tunamwita kwa jina lake. Na wasomaji wengine mniwie radhi kwa safu hii kukosekana wiki iliyopita. Nilichelewa kufika gazetini, na mhariri wangu naye ana saa.

Nakuonea huruma, lakini lazima nikugombeze. Adabu yetu umeishika kuliko sisi wenyewe, na hapo ndipo ulipoharibu. Kumsubiri jirani apite kunawezekana pale tu mmoja wenu anapokuwa hana adabu. Mkiwa nayo wote wawili, mtafia ndani na makoti yenu.

Halafu unamsingizia yule mama. Hukumkosea hata kidogo. Tangu binti yake mdogo ahamie Göteborg hakuna mtu aliyemuuliza habari za watoto, ulipomuuliza akaingia ndani akalia kidogo, kisha akashinda siku nzima anatunga jibu. Mkubwa hajambo, mdogo ameachana na mumewe. Wala hakohoi ili kukutisha. Ana mafua, na pale mlangoni pana upepo.

Kuhama usihame. Ile shuka ya bluu yenye samaki ifue, imechafuliwa na ukuta, na kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima ujiandikishe zamu kama watu wengine. Jumatatu asubuhi vaa koti, usitege sikio, fungua. Toa salamu moja na neno moja kuhusu theluji, kisha mshuke. Habari za watoto uliza mkifika chini, kwa sauti ya kawaida, na umpe nafasi ya kujibu, maana jibu ni refu na amelibeba tangu majira ya joto.

Jina lako hukuliandika kwenye barua. Lakini mlangoni kwako umeliandika lote, la kwako na la ukoo, nami nalisoma kila asubuhi kupitia tundu la mlango wangu. Fungua, Tamaz. Nimeshajikaza, Jumatatu natoka mimi kwanza.

Solveig Ahlgren