Nilimcheka Mume Wangu kwa Sababu ya "Re"

Mama Roza mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali usinikaripie sana maana nimeshajikaripia mwenyewe. Mume wangu, Baba Mwongeli, anafanya kazi kiwandani Athi River na hulala huko, huku kwetu Mitaboni anakuja Jumamosi, na miaka yote ilikuwa akifika anakula, analala, anaamka Jumapili wakati wa kurudi, watoto wanamwamkia kama mgeni. Basi mwaka jana mfanyakazi mwenzake alikuwa anahama akamwachia kinanda kidogo cha betri na kitabu cha kujifunzia, na Baba Mwongeli akaja nacho amekipakata kama mtoto mchanga, akabandika vikaratasi vya herufi, d ya do, r ya re, m ya mi, mpaka mwisho, akasema kuanzia leo sisi ni bendi. Kyalo wetu wa miaka tisa akapewa kinanda, dada yake Mwongeli akatoa filimbi yake ya shule, mimi kayamba, yeye mwenyewe gitaa la zamani la kaka yake, na Mama Roza, hatukujua kitu hata kimoja lakini nyumba ilichangamka mpaka kuku wakahamia nyuma ya jikoni, na Baba Mwongeli akaanza kufika Ijumaa badala ya Jumamosi.

Sasa shida. Yeye ndiye alikuwa anatuitia noti, na unajua sisi Wakamba na hiyo herufi ya re hatupatani, kwa hivyo akitaka re anasema "le", na Kyalo akisikia "le" anatafuta l kwenye vikaratasi, na l ni ya la, basi anafinya la. Tukiwa peke yetu tuliona ni kawaida. Lakini Jumapili moja wakaja wageni, shemeji yangu Musili na mkewe pamoja na Mwalimu Henry wa kwaya, tukawapigia wimbo wa kanisani, na katikati Baba Mwongeli akaita, "Le!" Kyalo akafinya la. "Le, Kyalo!" Akafinya tena. "Si hiyo, nimesema le!" Mtoto akakaribia kulia, "Baba, si ndiyo hii nimefinya, la!" Chai ikanitoka puani, nikasema mbele ya wote, "Baba Mwongeli, si useme re kama watu waliosoma!" Wageni wakacheka mpaka Mwalimu Henry akashika ukuta.

Yeye aliweka gitaa chini. Alifunga kinanda kwa shuka, akakitia kwenye sanduku la bati, akapiga kufuli na kuondoka na ufunguo. Hii ni wiki ya tano hajaja, anasema ni ovataimu, na kila Ijumaa watoto wanasimama balabalani mpaka giza, na Kyalo ananiuliza kama ni yeye alikosea, hapo ndipo moyo unaniuma. Mimi nilimaliza kidato cha nne na herufi zote nazisema sawa, yeye aliachia darasa la saba, labda ndiyo maana aliumia, lakini si ulikuwa mzaha tu? Jioni nawasha ledio ili nyumba isinyamaze, lakini ledio si bendi. Nifanye nini arudi halaka? Nimtume Mwalimu Henry akaongee naye?

Mwenye Kujuta,
Mitaboni

Mama Roza anajibu:

Pole, Mwenye Kujuta. Sasa keti chini. Ni mzaha gani huo wa kumpima mume kisomo mbele ya ndugu yake? Mtu amemeza vumbi la kiwanda wiki nzima, anakuja nyumbani kujifunza kitu asichokijua mbele ya watoto wake bila kuona haya, halafu wewe unamfundisha haya. Ni wanaume wangapi wa umri wake wanaokubali kuonekana hawajui? Ulikuwa na mmoja, ukamcheka. Hicho kicheko angekisamehe kabla chai haijapoa. Kilichomfukuza ni hao "watu waliosoma" wako.

Na tukiwa bado kwenye kusoma, mhariri alitaka kuisafisha barua yako, nikamkataza. Imechapishwa ilivyokuja. Mwanzoni, ulipokuwa umetulia, r zako zimenyooka. Uchungu ulipokupanda ukaandika "balabalani", ukaandika "ledio" mara mbili, ukamtaka mume arudi "halaka". Nyani haoni kundule, binti yangu.

Mwalimu Henry mwache na kwaya yake. Aliyeshika ukuta kwa kucheka hatumwi kuomba msamaha. Ijumaa hii nenda Athi River mwenyewe, ubebe muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe aupendao, umwambie, "Nilikukosea." Koma hapo. Ukiongeza "lakini" rudi na muthokoi wako. Kisha msomee ukurasa huu kwa sauti, usiruke neno, na ukifika penye "balabalani" nyamaza kidogo umwache acheke. Wewe ulimcheka mbele ya wageni watatu, yeye nimempa wasomaji wa gazeti zima.

Sanduku likifunguliwa, bandueni hivyo vikaratasi vya herufi, mbandike namba na mziite kwa Kikamba. Do iwe imwe, re iwe ili, mi itatu, hivyo hivyo hadi la iwe thanthatu na ti muonza. Hata aliyeng'oka meno yote hawezi kuchanganya ili na thanthatu. Na Kyalo usimngojeshe hadi Ijumaa. Mwambie leo kwamba hakukosea hata mara moja: alisikia l, akafinya l.

Jina langu mnaliona hapo juu kila wiki, Roza. Mama yangu, aliyenipa jina hilo, aliniita Loza hadi tulipomzika. Siku hizi kila mtu analitamka sawasawa, na ningetoa chochote kuitwa vibaya mara moja tu.