Jina Langu kwa Kijerumani

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limepata nafuu, au bado linakuzuia kwenda shambani? Mvua zimeshuka hapo Kikwe? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Nilipoanza kazi kwenye hii nyumba ya kulelea wazee, nilibandikwa jina langu kifuani: Gift. Wenzangu wakatazamana. Kwa Kijerumani, mama, neno hilo ni sumu. Nilicheka, nikawaambia kwetu ni zawadi, kwamba ulinipata baada ya kuzika watoto wawili. Yakaishia hapo.

Kisha akaletwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, kumbukumbu zimeanza kumtoka. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea dawa. Akasoma kifuani kwangu, akanikamata mkono.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, bibi. Ni dawa ya moyo tu."

"Mbona imeandikwa hapo? Sumu!"

Akakipiga kikombe kikaanguka. Nilibandua jina palepale, lakini hofu ilikuwa imeshamwingia. Tangu siku hiyo hakupokea chakula kwa mtu yeyote, hata kwa binti yake. Daktari alihangaika naye wiki tatu. Jumapili akafariki.

Binti yake hakunilaumu. Tulikuwa tunatandua kitanda, akanieleza kwamba zamani neno lilikuwa moja tu, maana yake kitu unachopewa. Waingereza wakabaki na zawadi. Wajerumani wakaiita hivyo pia dawa anayopewa mgonjwa, halafu, kwa kuogopa kuitaja sumu waziwazi, wakaificha humo humo. Waswidi nao wanalo: kwao ni sumu, na pia ni mtu aliye kwenye ndoa.

"Umejulia wapi yote haya?" nikamuuliza.

"Kwa mama. Ndilo somo alilofundisha maisha yake yote." Akauficha uso kwenye shuka, akalia. Nami nikalia naye.

Jana msimamizi alinipa kibandiko kipya: Anna. Sikubisha.

Msalimie baba, na dada aliyeolewa Olasiti, na shangazi wa kwaya. Mkiomba pamoja kabla ya kula, nitajeni kwa jina langu, tena kwa sauti. Huku hakuna anayeniita hivyo tena.

Ni mimi mwanao,
Gift