Mtakutana Segera

Old Korogwe,
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Shikamoo nyingine mpe baba, na nyingine bibi, kama bado anaamka kuota jua kibarazani. Goti lake linaendeleaje? Na mahindi ya bondeni, mvua imewafikia au imeishia huku kwetu? Mimi ni mzima, nakula, nalala, sijaumwa hata mafua tangu nifike. Nimeyaweka haya mwanzoni ili usihangaike kuyatafuta, kwa sababu huko chini kuna mengine, na naomba uyasome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Lakini mama, kwenye simu nikianza neno la maana unaniuliza nimekula nini. Mama mkubwa naye akijua ni wewe anasogeza kiti karibu na huku anajifanya anatafuta sindano. Halafu unanijua, mimi maneno yakiwa mazito hayatoki mdomoni. Kwenye karatasi yanatoka. Barua hii nitampa dada wa jirani anayekuja Mkata kesho kuchukua mihogo, atakukabidhi mkononi.

Kwanza kazi. Cherehani nimeanza kuizoea. Mama mkubwa ananipa mapindo ya sare za shule na vifungo, bado haniruhusu kukata kitambaa cha mtu. Anafundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Mshono ukipinda hasemi neno, anaufumua wote na kunirudishia. Wateja ndio bado nawaogopa. Juzi alikuja mama mmoja kupimwa gauni, nikamzungushia tepu huku nimebana pumzi, akaniambia, "Mwanangu pumua, anayepimwa ni mimi."

Sasa jambo lenyewe. Ni la mkaja.

Naanza kulieleza kama nilivyoliona mimi, kwa sababu kila mmoja wenu ana maelezo yake na mimi ndiye ninayeyabeba yote. Siku ya kumtoa mama mdogo Hilda kwenda kuolewa, upande wa bwana harusi ulileta zile kanga za mkaja anazopewa mama mzazi wa bibi harusi, kwa ajili ya tumbo alilofunga baada ya kumzaa. Bibi mzaa mama alikuwa ameshafariki. Mshenga akauliza nani apokee. Mama mkubwa akasimama akapokea, kwa kuwa ndiye mkubwa. Wewe ulikaa kimya. Lakini wote tunajua kwamba bibi huyo alipokuwa hainuki kitandani ni wewe uliyeacha shule ukambeba mama mdogo mgongoni mpaka akajua kutembea. Chakula hakijapakuliwa ukachukua pochi yako, ukatuambia twende. Tangu siku hiyo hamsemezani, na huu ni mwaka wa pili.

Halafu baba na baba mkubwa wakakubaliana wao wawili kwamba nikimaliza kidato cha nne nije nijifunze ushonaji huku, kana kwamba hakuna kitu. Nikaletwa nikawekwa katikati.

Unaikumbuka Jumatano uliyopiga? Ulianza hivi: "Huyo anakulisha vizuri?" Spika ya simu hii inasikika mpaka nje. Mama mkubwa akasema huku anakanyaga cherehani, "Mwambie mama yako hapa hatuli bada kila siku."

Ukauliza, "Anasemaje?"

Kabla sijajibu ukawa umeshaelewa.

Ukasema, "Mwambie hiyo bada ya muhogo ndiyo iliyomkuza."

Mama mkubwa akasema, "Nimesikia."

Wewe ukasema, "Sikuwa naongea na yeye."

Naye akasema, "Na mimi siongei na yeye, naongea na mtoto."

Mama, mlikuwa mnaongea. Mliendelea hivyo mpaka salio likakatika, na mimi nimeshika simu kama mtu aliyeshika taa. Baba mkubwa alikuwa mlangoni anasafisha viatu, akasema, "Mimi nilioa dada mmoja, lakini ugomvi nikapewa wa wote wawili." Hakuna aliyecheka ila mimi, na mama mkubwa akaniangalia mpaka nikaacha.

Kinachonichosha zaidi si ugomvi. Ni kwamba katika watu wote ninaowafahamu, hakuna wanaosoma Biblia kama nyinyi wawili. Wewe ulitufundisha kusoma kwa kutumia Injili kabla hatujapelekwa shule. Mama mkubwa hawezi kuwasha cherehani asubuhi kabla hajasoma sura nzima kwa sauti, na akikosea neno anarudia kutoka mwanzo. Ningekuwa nakaa na watu wasiojali ningejua la kufanya, ningenyamaza nishone vifungo.

Ijumaa jumuiya ilikuja kusali hapa nyumbani kwa mama mkubwa. Mwinjilisti akasoma ile habari ya mtu aliyeleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, akaambiwa aiache pale pale aende akapatane kwanza. Mama mkubwa akaomba sala ndefu, nzuri, watu wakasema amina mara nyingi. Kisha mwinjilisti akasema neno hili si la kusikiliza tu, kila mtu aseme wiki hii atalitii vipi. Mzee mmoja akasema atakwenda kumsalimia jirani waliyegombana naye kwa sababu ya mbuzi. Mama mkubwa akasema, "Namshukuru Mungu, mimi sina kinyongo na mtu."

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kushukuru nami nikae, kama wanavyofanya watu wenye haya. Lakini Biblia ilikuwa wazi mapajani mwangu, mahali pale pale. Nikasema kwa sauti ndogo sana. Mwinjilisti akasema, "Binti, hatujasikia, rudia." Kurudia ndiko kulikoniponza, kwa sababu sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Naomba mniombee, mama yangu na mama mkubwa hawasemezani."

Watu wakatazama vikombe vyao.

Mama mkubwa aliwamiminia chai wote, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi. Akaniita jikoni.

"Umenivua nguo mbele ya jumuiya."

"Nilisema kweli, mama mkubwa."

"Imeandikwa waheshimu wazazi wako."

"Imeandikwa pia..."

"Usinifundishe kilichoandikwa. Nimefundisha shule ya Jumapili kabla mama yako hajakuzaa."

Kutoka hapo hakunisemesha tena. Jumamosi nzima alizungumza na mimi kwa kupitia baba mkubwa, na mimi nimekaa hatua moja tu kutoka kwake. "Mwambie huyo mtoto uzi mweusi umeisha." Baba mkubwa ananigeukia, "Uzi mweusi umeisha." Nikafikiri, kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Nilijiuliza sana kama nilifanya vibaya. Labda ningemwambia tukiwa wawili kwanza. Hilo naliona. Lakini wewe na yeye mmeambiwa faraghani kila mmoja, na baba, na baba mkubwa, na mama mdogo Hilda mwenyewe mpaka akalia kwenye simu, na hakuna aliyesogea.

Sasa sikiliza ya jana. Jumapili mama mkubwa alibeba jogoo wake mwekundu, yule mkubwa, akampeleka kanisani kuwa sadaka. Kama huko kwetu, vitu vya sadaka vinakwenda mbele, na ibada ikiisha vinanadiwa nje. Watu wakapanga mstari na ndizi zao na mayai yao. Mama mkubwa alikuwa mbele yangu, gauni limepigwa pasi, jogoo kwapani. Alipokaribia madhabahu akasimama. Waliokuwa nyuma yetu wakagongana. Akageuka, akamkabidhi mzee wa kanisa yule jogoo, akamwambia, "Nishikie, hajawa sadaka bado." Akatoka nje peke yake katikati ya wimbo.

Mama, nilipomwona anatoka niliacha kuimba. Nilifikiri, limetokea. Nikawa nafurahi na naogopa kwa pamoja. Jogoo akawika wakati wa mahubiri, mchungaji akamngoja amalize.

Mama mkubwa alikwenda nyumbani kwa miguu na viatu vyake vya ibada, akachukua simu yake akakupigia. Ikaita mpaka ikaisha. Akapiga tena. Mara ya tatu ikakatwa. Nilimkuta amekaa kitandani ameishika simu mkononi. Simu haijikati yenyewe, mama.

Mchana nilipokupigia mimi ulipokea mara moja. Nikakuuliza kama umeiona namba ya mama mkubwa. Ukasema, "Nimeiona. Akinitaka aje. Anayekwenda ni mwenye kosa, Biblia ndivyo inavyosema." Halafu ukaniuliza nimekula nini. Nilikata, na naomba radhi kwa kukata, lakini ningebaki ningesema neno la kujutia.

Nikamfuata mama mkubwa. Alikuwa ameshabadilika. Akasema, "Mimi nimetii, nimekataliwa. Nimemaliza. Sasa ni zamu yake. Imeandikwa ndugu yako akikukosea, umfuate umwambie mkiwa wawili. Kama nilimkosea, mbona hakunifuata akaniambia? Aliondoka hata wali hajala." Kisha akasema jambo ambalo nadhani hulijui, na sikutumwa nikuambie. Alisema alisimama kwa sababu mshenga alikuwa anangoja, wageni wanatazama, na wewe umeinamisha kichwa. Alidhani hutaki kupokea mbele ya watu kitu cha marehemu. Kanga zenyewe hajazivaa hata siku moja. Amesema hawezi kukupa kwa kupitia mimi wala kwa kupitia basi, kwa sababu mkaja hautumwi kama kifurushi.

Kama akisema amemaliza, namjua, amemaliza. Si mtu wa kupiga simu mara ya nne. Na wewe nakujua, hutampigia. Mtazeeka hivyo, mmoja Mkata na mwingine Korogwe, kila mmoja akisali vizuri. Na leo mzee wa kanisa ameniuliza njiani tumfanye nini yule jogoo, kwa sababu si sadaka na si kitoweo, na anakula mahindi ya kanisa.

Leo asubuhi, kabla ya kazi, nilikaa na Biblia nikasoma sehemu zote mbili, ile unayoitaja wewe na ile anayoitaja yeye. Zote ni Mathayo. Sura ya tano inamwambia mwenye kosa aondoke aende. Sura ya kumi na nane inamwambia aliyekosewa aondoke aende. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba mmoja akae nyumbani angoje, sikupaona. Mama, kila mmoja wenu ameshika amri ya mwenzake. Wewe unamsomea mama mkubwa ya kwake, naye anakusomea ya kwako. Kila mmoja angesoma ya kwake, wewe ungepanda gari Mkata na yeye angepanda gari Korogwe, na mngekutana Segera.

Sisemi kwa utani. Ndiyo barabara ilivyo.

Nilimwambia mama mkubwa hivyo hivyo leo mchana, baba mkubwa akiwa ametoka, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpitishia majibu. Nilisema nikiwa nimeangalia vifungo. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Hakuna, nimesoma tu."

Mteja akapiga hodi, mama mkubwa akamwambia apite kesho.

"Segera sehemu gani?"

"Pale mabasi ya Tanga yanapokata kona. Kuna mama anauza chai."

"Jumamosi nina gauni la kipaimara la kumaliza."

"Nitakusaidia, liishe Ijumaa."

"Wewe na vifungo vyako," akasema, lakini alikuwa anasema na mimi, si na baba mkubwa. Halafu akaniuliza, "Na mama yako amekubali kuja?"

Nikasema, "Atakuja."

Nimekuandikia yote haya kwa ajili ya neno hilo moja. Hujakubali. Hujaulizwa hata. Nilimtazama usoni nikamjibu hivyo, mimi ambaye siwezi kumwambia mteja gauni liko tayari, na sikujisikia kama ninayedanganya. Nilikuwa na hakika kabisa. Hakika hiyo imekuwa ikipungua tangu mchana, ndiyo maana naandika haraka.

Jumamosi asubuhi tutakuwa pale. Usinijibu kwa simu. Ukipiga utauliza amesemaje, na mimi sitapeleka tena neno la mtu kwa mtu, hata salamu. Usije na baba, wala shemeji, wala mtu wa kukusemea. Mimi nitawaletea chai na nitakaa mbali.

Nisalimie baba, mwambie nimeacha kuuma kucha. Msalimie bibi, na wadogo zangu wote wawili, yule mdogo mwambie sare yake ya mwakani nitaishona mwenyewe. Msalimie mwalimu wa kwaya na mama jirani wa kisimani. Mama mdogo Hilda akipiga, usimwambie lolote kwa sasa, asije akaanza kulia kabla ya wakati.

Mama mkubwa ameshamwambia baba mkubwa kwamba Jumamosi atakula kiporo. Nimemsikia sasa hivi. Amemwambia, "Mdogo wangu anakuja."

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayekupenda na niliyechoka,
Yusta